Nilimaliza Saa Nne

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Siku njema. Nimefungua kibanda saa mbili kamili kwa saa zote kumi na tisa zilizo ukutani, isipokuwa ile ya bundi, ambayo ina akili zake. Nimebadilisha betri tatu, nimetia mkanda mmoja, nimekunywa chai vikombe viwili. Maisha hayana ubaya kwa mtu anayeijua kazi yake.

Halafu Kinyozi akaniharibia asubuhi. Huyu ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta wa mbao na miaka kumi na moja ya maneno. Amebandika picha mpya juu ya kioo chake. Yeye na Kijiko! Wamekumbatiana, medali zinaning'inia. Kijiko ni yule mchekeshaji wa televisheni, ameitwa hivyo kwa sababu ya kichwa. Mwaka jana alikimbia marathoni ya mji wetu, kilomita arobaini na mbili na ushee, akatumia saa sita na dakika arobaini. Watu wakampigia makofi! Kinyozi alifika dakika mbili nyuma yake, naye akapigiwa.

Nikasema ukweli. Niliusema nikiwa mlangoni kwake, kwa sauti ya kusikika, wateja wawili wakiwa na povu kidevuni. Nikasema heshima ya marathoni mwisho wake saa nne. Ukizidisha hapo hukimbii, unatembea huku una namba kifuani. Hizo medali zirudishwe.

Kinyozi, wembe mkononi, akataka kujua mimi mwenyewe nilikimbiaje. Nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu kwa miaka ishirini na sita sasa. Nilimaliza saa nne.

Hata povu lilinyamaza. Nikarudi kibandani kifua mbele.

(Kwa kuwa daftari hili lina kufuli nililolitengeneza mwenyewe, naandika jambo moja kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mbio ile ilianza saa kumi alfajiri, kwa sababu ya jua. Nilimaliza saa nne asubuhi. Kwa hiyo nilimaliza saa nne. Sijadanganya hata siku moja. Watu wasiponiuliza nilianza saa ngapi, hilo ni lao.)

Jumatano, tarehe 4 Machi

Mke wangu hakuchangamka kwa hadithi yangu ya Kinyozi. Nimemsimulia mara tatu, kila mara nimeongeza povu. Yeye ni mkunga, amezalisha nusu ya mtaa huu, na huwa hacheki hovyo. Akasema kwamba katika kazi yake hajawahi kumpunguzia mama pongezi kwa sababu uchungu ulichukua saa nyingi. Kinyume chake, huyo ndiye anampa chai ya kwanza.

Nikamweleza kuwa uzazi si mashindano. Akaniambia na mimi si refa. Tukala kwa amani. Amekula sahani mbili. Siku hizi anakula vizuri sana, nafurahi.

Halafu akanipa saa ya kupimia mbio, ile ya kubonyeza, imekwama kwenye saa sita. Ya rafiki yake wa kazini, anasema. Nikaifungua palepale mezani. Jasho limeingia ndani, chumvi tupu! Nikamwambia amfikishie rafiki yake ujumbe: aliyesoma saa sita kwenye saa hii hahitaji saa, anahitaji kalenda. Mke wangu akaichukua, akaifuta kwa kanga yake, akasema atamfikishia.

Alilala mapema. Kila siku alfajiri anakwenda kwa dada yake kabla ya zamu. Miezi minne sasa. Ndugu wanaopendana hivyo ni wachache. Sijui tu kwa nini viatu vyake vinarudi na matope, nyumba ya shemeji iko barabara ya lami.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Kijiko amekuja kibandani kwangu! Mwenyewe! Kichwa kile kile!

Alitaka betri ya saa yake ya mkono. Nilijiandaa kumdharau, lakini alisalimia vizuri, akaniita Fundi, akakaa kwenye kigoda bila kukipangusa. Ni vigumu kumdharau mtu anayekaa kwenye kigoda chako namna hiyo. Hata hivyo nilijitahidi.

Akasema Kinyozi amemweleza kwamba nilimaliza saa nne. Anaheshimu sana watu kama mimi. Yeye hufanya mazoezi mwaka mzima na bado magoti humtukana. Kisha akauliza kwa unyenyekevu nilikuwa nakwenda dakika ngapi kwa kilomita.

Nikasema inategemea kilomita.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa siri. Akasema hilo hakuwahi kulifikiria. Nikaona nimempata, nikaendelea. Nikamwambia kilomita hazilingani, kuna ndefu na kuna fupi, na mkimbiaji wa kweli huzisikia kwenye nyayo. Nikamfafanulia kupumua kwa pua moja. Nikasimama kumwonyesha namna ya kupinda kona, nikaangusha trei ya skrubu. Akanisaidia kuokota zote! Nimempenda, lakini kidogo tu.

Mdomo umeniponza hapo. Alipoaga aliuliza kama ningeweza kumwongoza Jumapili ya tarehe 15. Nikasema kwa heshima zote ningeweza, ila namba za kushiriki zilishakwisha.

Kumbe anazo mbili za ziada mfukoni.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Ametangaza kwenye kipindi chake cha asubuhi! Amesema mwaka huu ataongozwa na bingwa aliyejificha mtaani, anaitwa Fundi Saa Nne. Muuza magazeti amenipigia saluti. Mteja mmoja ameleta saa nzima isiyo na tatizo lolote, eti aione tu mikono yangu.

Lazima niseme, jina limenikaa.

Kinyozi peke yake hakufurahi. Amesema Fundi Saa Nne bila shaka ana cheti. Nikamwambia ninacho. Akasema angependa kukiona. Nikamwambia atakiona kesho, tena ukutani, tena ndani ya fremu.

Nimekitafuta kwenye sanduku la chini ya kitanda. Kipo. Kimekuwa cha manjano, lakini maandishi yamesimama. Chini kulia: KUMALIZA, SAA NNE ASUBUHI. Safi kabisa. Chini kushoto: KUANZA, SAA KUMI ALFAJIRI. Hapo sasa. Nani aliwauliza?

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Mpango wa kwanza: fundi fremu. Nikampa cheti na kipande cha kadibodi, nikamwagiza aweke pambo pana upande wa chini kushoto, pana hasa, pambo la kuficha. Nikaondoka napiga mluzi.

Nilipokwenda kukichukua, pambo hakuna. Fundi yule ana umri wa baba yangu, na amenikaripia kama baba yangu. Kazi nzuri haikati maandishi ya watu! Ameweka kioo kipya, amesafisha herufi kwa pamba, na zile za kushoto zilizofifia amezirudishia wino mweusi. Bure. Zawadi kwa bingwa. SAA KUMI ALFAJIRI inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Nilirudi nimekumbatia cheti kifuani, maandishi yakinitazama mimi.

Lakini fundi hakosi dawa. Nimekitundika ukutani, kisha kwenye kona ya chini kushoto nikaitundika saa ya bundi. Imekaa sawasawa! Bundi amefunika KUANZA yote, na kwa macho yake yanayozunguka watu hawatamani kusogea. Saa hiyo iko hapa mwaka wa tisa. Nani atapeleka bundi nyumbani kwake? Haiuziki, haisogei, haisemi saa ya kweli. Ndiyo mlinzi ninayemtaka.

Kinyozi alikuja, akasoma, akasogea, bundi akalia kuu-kuu, akarudi nyuma. Akakiri: saa nne. Ameikiri mbele ya watu!

Nimelala mchana huu usingizi mtamu sana.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Zimebaki siku sita. Nimetafakari kwa makini na nimeona njia ya heshima ya kutokimbia ni kuumia. Nimefunga bandeji kwenye goti, nikachechemea mtaa mzima nikiwasalimia watu kwa uchungu. Wengi wamenionea huruma. Muuza magazeti amenipa kiti.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Kinyozi ameniuliza, tena kwa upole mwingi, kwa nini jana nilichechemea mguu wa kulia na leo wa kushoto.

Nikamwambia maumivu yanatembea. Akasema heri yao.

Mke wangu alinifungua bandeji jioni. Akabonyeza goti hapa na pale kwa vidole vyake vya kazi, akaniangalia usoni muda mrefu, akaikunja bandeji na kuirudisha kwenye mkoba wake. Wodini wana shida ya bandeji, akasema.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Mazoezi yameanza. Nimekimbia kutoka kibandani hadi kona ya posta. Nimerudi kwa kubebwa na baiskeli ya muuza magazeti. Kwa siku ya kwanza si haba.

Njiani, kundi la wale wakimbiaji wa asubuhi wanaojiita Taratibu lilitupita. Fulana za njano, matumbo, vicheko, Kinyozi kati yao. Wanazungumza wakikimbia! Mtu anayeweza kusimulia habari za harusi akiwa mbioni huyo hakimbii. Nyuma kabisa kulikuwa na mwanamke wa kofia pana iliyomfunika uso. Aliponiona kwenye baiskeli alijiinamia ghafla kufunga kamba ya kiatu. Huenda ni mteja anayeniogopa.

Mchana shemeji amepita kibandani, dada mkubwa wa mke wangu. Ameuliza hali, kisha akalalamika kwamba dada yake amemtupa, hajamwona tangu mwezi wa kumi na moja. Nimesikitika sana. Anamwona kila alfajiri na hakumbuki! Umri si mchezo. Nimeamua kutomwambia mke wangu, asije akahuzunika.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Furaha! Kamati imetoa ramani ya mbio, na ramani imeniokoa. Njia inapita mbele ya kibanda changu mara mbili: kwenye kilomita ya kumi na moja, kisha inazunguka huko ilikozunguka na kurudi mbele ya kibanda kwenye kilomita ya thelathini.

Sitaki kujisifu. Lakini nani mwingine angeona? Nafika kilomita ya kumi na moja, naingia kibandani kama anayechukua kitu, nafunga mlango, nawasha feni, nalala kwenye mkeka. Wakirudi, natoka. Kumi na moja na kumi na mbili na ushee: kilomita ishirini na tatu tu. Hizo hata shemeji anaziweza.

Nimeficha mkeka nyuma ya kabati, na chupa ya maji, na biskuti.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Nimekwenda kuchukua namba. 4042. Nzuri. Nimemwachia mke wangu kibanda kwa asubuhi nzima, na funguo.

Niliporudi alinieleza kuwa Kijiko alipita. Ameipenda saa ya bundi! Anaitaka kwa kipindi chake, alikuwa tayari kuondoka nayo palepale. Miaka tisa hakuna aliyeitazama, na leo! Nilihisi damu ikishuka mpaka kwenye soksi. Nikageuka ukutani. Bundi yupo, ananizungushia macho.

Mke wangu akasema alimkatalia. Alimwambia hiyo haiuzwi, iko kazini.

Mke wa namna hii unampata wapi? Hajui chochote, lakini anamtii mumewe hata kwa mambo asiyomwagiza. Nimemshukuru. Akasema karibu. Kesho hatakuwepo kunishangilia, anakwenda kwa dada yake mapema. Nikasema haina neno, mambo yatakwisha upesi.

Jumapili, tarehe 15 Machi. Jioni, miguu ndani ya beseni

Naandika yote kabla mikono nayo haijakufa.

Saa kumi na mbili asubuhi, filimbi. Umati kama huo haujawahi kuonekana. Kijiko kando yangu, akanipa mkono, akasema anafuata hatua zangu. Nikaondoka kama mwizi. Watu wakapiga kelele, Saa Nne! Saa Nne! Raha iliyoje! Kwa kilomita mbili nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote ninaowafahamu. Kwenye ya tatu Kijiko akaniomba radhi, akasema kasi hii si saizi yake, akabaki nyuma. Kwenye ya nne nilibaki nyuma hata mimi, ila nilikuwa peke yangu na hakuna aliyejua.

Kilomita ya kumi na moja nilifika kwa kuburuzwa na wazo la mkeka. Nakiona kibanda. Nauona mlango. Mtaa mzima umetoka na viti, wanashangilia. Nikawapungia mkono, nikasema nachukua kitu kidogo, nikatia mkono mfukoni.

Funguo! Funguo anazo mke wangu! Yuko kwa dada yake!

Nilitikisa kufuli. Kufuli zuri, nililifunga mwenyewe. Ndani nikasikia bundi analia kuu-kuu. Muuza magazeti akauliza nimesahau nini. Nikasema nilitaka tu kuhakikisha pamefungwa. Wakapiga makofi zaidi! Bingwa anayejali mali yake! Ikabidi niendelee, maana walikuwa wananitazama wote.

Kilomita ya kumi na nane Kijiko alinipita. Alikuwa anaimba. Alipunguza mwendo, akanigawia chungwa, akaniuliza kama hii ni ile kilomita ndefu niliyomfundisha. Nikasema ndiyo. Akasema sasa anaisikia kwenye nyayo. Nilimtazama usoni kuona kama ananicheka. Hanicheki. Ndicho kilichoniuma.

Kinyozi alinipita kwenye ya ishirini na moja. Sitaandika alichosema. Hakusema kitu.

Kwenye ya ishirini na tano niliketi ukingoni mwa barabara, karibu na mfereji, nikatangaza kwa mfereji kwamba nimestaafu. Nilivua kiatu. Kikagoma kurudi. Hapo ndipo fulana ya njano iliposimama mbele yangu, na kofia pana, na chini ya kofia, mke wangu.

Nikadhani jua limenipata. Nikamuuliza si yuko kwa dada yake.

"Inuka, Baba Pacha," akasema. "Kwa dada sijafika tangu mwezi wa kumi na moja. Kila nikitoka naishia barabarani."

Ana ile saa ya kubonyeza shingoni. Niliitengeneza mimi! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia nini? Ungenicheka."

Imeniuma. Magoti yote mawili, nyayo, kucha, vyote havikufika pale lilipofika neno hilo. Miezi minne mke wangu anaamka gizani, ananyata ndani ya nyumba yake mwenyewe na viatu mkononi, ananiogopa mimi na mdomo wangu. Na saa ile nilimrudishia na tusi juu yake. Nilitaka kusema jambo zuri. Nikasema kiatu hakiingii.

Akapiga goti, akakiingiza. Mkunga huyo.

Tulikwenda. Siwezi kusema tulikimbia. Wale wenzake wa Taratibu walimwita aende nao, alikuwa na nguvu tele, angefika muda mrefu kabla yangu. Nikamwambia aende. Akasema nisimfundishe kazi, yeye haachi mtu katikati ya uchungu.

Kilomita ya thelathini tulipita mbele ya kibanda. Nikakitazama kwa hamu. Akanitazama nikikitazama. Akatoa funguo mfukoni, akazitikisa mara moja, akazirudisha. Alikuwa ameukuta mkeka wangu nyuma ya kabati jana, wakati anafagia.

Ya thelathini na tano nilianza kulia kidogo, si kwa huzuni, ni maji tu yalikosa pa kutokea. Nikamwambia sielewi, mtu aliyewahi kumaliza saa nne leo amekuwaje.

"Saa sita," akasema.

Nikajikwaa mahali pasipo na jiwe.

"Mlianza saa kumi alfajiri, Baba Pacha. Mimi si ndiye niliyekuwa nagawa maji pale mwisho? Ulinikuta na ndoo moja."

Miaka ishirini na sita! Amekaa na mimi harusini, misibani, kwa Kinyozi, amenisikia nikisema saa nne kwa walimu wa watoto, kwa wakwe, kwa daktari wa meno, na hajanisahihisha. Na bundi! Iko kazini, alisema!

Nikamuuliza, tena kwa sauti ndogo sana, kama hakuona aibu kuolewa na mtu wa saa sita. Akacheka mpaka akashika mbavu, katikati ya barabara. Akasema wale walionitangulia walipita wakinyakua vikombe, sura zao hakuziona, hata asante hawakuwa na muda nayo. Mimi nilisimama. Nikamuuliza jina, nikasahau, nikamuuliza tena.

"Na ungemaliza kwa saa nne kweli," akasema, "ungefika saa mbili asubuhi. Zamu yangu ya maji ilianza saa tatu. Tusingeonana."

Nimekwenda kilomita mbili nzima bila kuhisi miguu. Nilikuwa napiga hesabu: saa mbili, saa tatu. Saa moja tu! Mapacha wetu wasingekuwepo, beseni hili lisingekuwepo, nisingekuwa na mtu wa kuniingiza kiatu. Sijawahi kufurahi hivi kwa kuchelewa. Nilimwambia hivyo, kwa maneno haya haya. Akanishika mkono, akasema kaza mwendo.

Tulimaliza tumeshikana mikono. Kijiko alikuwepo mstarini, alishafika zamani, hakuondoka, anapiga sufuria kwa kijiko kikubwa. Kinyozi naye yupo, medali shingoni, mikono imekunjwa. Akauliza mbele ya watu wote imekuwaje, Fundi Saa Nne?

Nikafungua mdomo. Mke wangu akatangulia. "Alinisubiri mimi," akasema.

Watu wakapiga makofi yasiyowahi kutokea! Kijiko akafuta machozi. Kinyozi alinivalisha medali kwa mkono wake, akaniambia kwamba mwanamume anayeacha rekodi yake kwa ajili ya mkewe anastahili kunyolewa bure mwezi mzima.

Nimeikubali medali. Nimemtazama mke wangu, na nimeapa moyoni, hapa ndani ya beseni, kuwa kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, tarehe 16 Machi

Nimeshuka ngazi kinyumenyume. Nimefungua kibanda saa tano. Wateja wamejaa, kila mmoja anataka kuishika medali.

Nimekuwa nikilitafakari lile neno la mke wangu. Alinisubiri mimi. Jana nilidhani ananisitiri. Lakini ukilitazama kwa utulivu, mimi ndiye niliyekuwa mbele mpaka kilomita ya ishirini na tano, nikaketi, naye akafika. Kuketi pale barabarani mpaka mtu akufikie kunaitwaje kwa Kiswahili? Kusubiri! Mkunga hadanganyi. Nimewaeleza wateja hivyo, na wameelewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, tarehe 18 Machi

Nimemwomba Kinyozi msamaha, kwa dhati, wakati ananinyoa bure. Nimemwambia nilikosea. Saa nne ilikuwa ni ukali wa ujana. Mtu wa kawaida, mwenye kazi na familia, anastahili heshima yote. Akafurahi, akapunguza hata masharubu.

Nikaongeza kwamba mimi na mke wangu tulimaliza kwa saa saba na dakika kumi, kwa hiyo mwisho wa heshima ni saa saba na dakika kumi. Waliozidi hapo walikuwa matembezini. Nasikia kuna watatu. Medali zao zirudishwe.

Kinyozi ameacha masharubu upande mmoja. Atamalizia akipenda.

Alhamisi, tarehe 19 Machi

Siku njema. Cheti kipya kimefika na kimetundikwa kando ya kile cha zamani. Mke wangu amekiweka chake karibu na changu, fremu mbili zimegusana. Sasa anatoka alfajiri kwa mlango wa mbele, viatu miguuni, akipiga kelele anavyotaka. Nafurahi kumsikia. Najifunika shuka, nafurahi tena.

Cheti kipya kina kasoro moja. Mbio ilianza saa kumi na mbili kamili, kwa hiyo saa ya ukutani na saa za miguu zimesema kitu kilekile. Saa saba na dakika kumi! Hata bundi hasaidii. Waandaaji hawana utu kabisa.

Nimeiandikia kamati barua nzuri, kurasa mbili, kama mkimbiaji mzoefu. Nimeomba mwakani mbio ianze saa nane kasoro dakika kumi usiku. Sababu niliyoitaja ni jua. Nimepiga hesabu mara tatu kwa saa zote za humu ndani, na zote zinakubali. Kwa mwendo wetu uleule, tukiwa tumeshikana mikono, mimi na mke wangu tutamaliza saa tatu.